Acheni kuwadanganya watu na "klik" ya triga!

Wakuu, hili la riseti ya triga (kifyatulio cha bastola) limezidi. Mtu akiuliza anunue bastola gani, anajibiwa "chukua yenye riseti fupi", na ukimbana aliyejibu akueleze riseti ni nini, anasema ni ule mlio. Siyo! Mlio ni dalili tu. Riseti ni pale triga inaporudi mbele kiasi cha vyuma vya ndani kushikana tena, ukivuta upya risasi itoke.

Tazameni bastola ya Glock. Risasi ikitoka, slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma na kuisukuma konekta, kibati kilichojikunja upande wa kulia, kuelekea ndani. Mkono wa triga unapanda na kuinasa pini inayofyatua risasi, slaidi inapofunga. Lakini bado haijawa tayari. Ni hadi kidole kiiachie triga isogee mbele, konekta irukie nje mahali pake: hapo ndipo "klik". Ukiachia nusu ukavuta, haitoki kitu. Aliyezoea bastola ya 1911, ambayo riseti yake ni fupi mno, akishika bastola nyingine makosa yake ni hayo hayo.

Kinachokera zaidi ni makocha. Wanafundisha kubana triga nyuma, kusubiri slaidi itulie, kisha kuachia polepole ukitegea klik. Kwa kuelewa mtambo, sawa: magazini (kibebeo cha risasi) nje, chemba, risasi inapokaa, uitazame na kuipapasa mara mbili, mdomo uelekee mahali salama, bonyeza na ubane, vuta slaidi, achia taratibu. Utaisikia kidoleni. Lakini kulifanya hilo ndilo mtindo wa kupiga? Umeziba masikio, utasikia nini? Kidole kinaganda, muda unapotea, kisha unaivuta kwa pupa na mtutu unazama. Achia triga wakati mtutu bado unapanda, kidole kisibanduke. Slaidi inamaliza safari yake ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Alama za kulengea zikirudi kwenye shabaha, triga imeshakungoja.

Na triga isiporudi kabisa, msimlaumu mpigaji kwanza! Angalieni springi ya triga kama imekatika, mafuta yaliyogandana na vumbi, au konekta ya bei chee mliyobandika ili "iwe laini". Glavu nene nazo hukwama kati ya triga na kikinga chake. Anayeuza kwa kuichezesha mbele ya mteja mara mbili tatu dukani hataji hata moja kati ya hayo.