Mrejesho: feni iliyokuwa inazunguka taratibu, puli ya kurekebisha imemaliza kazi

Wakuu nimerudi na mrejesho. Niliuliza jinsi ya kuongeza spidi ya feni ya mkanda bila kununua puli mpya, mkaniambia ile puli ya mota ni ya kurekebisha, nusu yake moja inazunguka kwenye nyuzi kama za skrubu.

Basi nikazima umeme kabisa, nikalegeza mota nikatoa mkanda, nikafungua skrubu ndogo ya aleni nikazungusha ile nusu ya nje nusu mzunguko kuelekea ndani, mfereji ukabana na mkanda sasa unapanda juu zaidi, yaani puli ni kama imekuwa kubwa ndo maana feni inakimbia. Ile skrubu lazima ikae kwenye sehemu bapa ya nyuzi, ukiikaza juu ya nyuzi zenyewe unaziua na puli hairekebishiki tena.

Nikapanga puli zote kwa rula ndefu, nikakaza mkanda upya.

Aliyesema nipime ampea (kiasi cha umeme mota inachovuta) Mungu ambariki, maana spidi ikipanda asilimia 10 tu feni inadai nguvu kama asilimia 33 zaidi! Ampea za mota yangu bado ziko chini ya zile zilizoandikwa kwenye kibati chake, na hewa inatoka vizuri sana. Asanteni mno.