Wakuu, naomba ushauri: bei ya vifaa vya basi la kizamani (Albion) lililoko Muheza

Mwana wa Ngamiani:
Habari za jioni wakuu. Nina basi bovu la zamani aina ya Albion, liko shambani Muheza. Babu alilinunua jipya mwaka 1976. Tairi hazipo, bodi imeoza chini, kuku wanalala ndani. Sasa kajitokeza mtu anataka nembo ya mbele, saa ya spidi na rejeta, anasema vinakwenda makumbusho. Nitajuaje kama vifaa ni vya asili, vilivyotoka kiwandani, au kuna mtu alibandika baadaye? Na thamani yake ni kiasi gani? Mnunuzi anarudi Jumamosi kwa hiyo nina haraka kidogo. Matusi sitaki.

Chumvi ya Sahare:
Uza na kuku. Hao wana uhakika wa kuwa asili.

Fundi Grisi:
Mkuu, nembo kwanza. Ya Albion ni jua linachomoza. Kama ina rangi ya enameli, igusishe ncha ya pini pembeni kabisa, mahali pasipoonekana. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, pini inateleza. Rangi ya kupaka inachubuka. Halafu angalia pale ilipokaa. Nembo iliyokaa miaka mingi inaacha umbo lake kwenye rangi ya shoo (ule uso wa mbele wa gari), na chini yake unaikuta rangi ya mwanzo haijapigwa jua. Matundu ya skrubu nayo yawe yaleyale, yasiwe yametobolewa mara mbili.

Boliti pia zinasema. Magari ya Mwingereza ya wakati ule yana nyuzi za Whitworth au UNF, yaani vipimo vya inchi. Spana yako ya milimita ama haiingii ama inacheza na kula kona. Ukikuta boliti za milimita zimeshika dashibodi, jua kuna fundi alishapita hapo.

Saa ya spidi ikiwa ya Smiths, kampuni ya Uingereza, soma maandishi madogo chini ya mshale. Utakuta msimbo wao na namba ya mizunguko ya waya kwa maili moja. Kwa basi la huku la enzi hizo, uso unatakiwa usome maili.

Ila rejeta inanitia shaka. Rejeta za kizamani ni shaba tupu. Mtu wa makumbusho atalilia shoo na nembo. Anayelilia rejeta mara nyingi ana mzani wa skrepa nyumbani. Amekutajia bei gani? Na kuna kitu umeshang'oa?

Mzee wa Kisosora:
Umenikumbusha mbali wanangu. Albion ndiyo iliyonipeleka shule Lushoto. Pale Mombo, kabla ya kuanza kupanda mlima, dereva anasimama, utingo anashuka na debe kujaza maji kwenye rejeta, halafu anabeba gogo la kuzuia tairi la nyuma. Kwenye kona za Soni gari linanguruma gia ya kwanza, utingo anakimbia pembeni na gogo lake begani, gari likirudi nyuma kidogo tu anachomeka. Abiria tumenyamaza kimya, kina mama wanasoma dua. Yule utingo alikuwa anaitwa Mabega, sijui kama bado yu hai. Hiyo bei mimi siijui, lakini ukiuza nembo hiyo kwa bei ya sufuria nitasikitika.

Mwana wa Ngamiani:
Shikamoo mzee, asante. Fundi, bei katoa laki nne kwa vyote vitatu. Hujajibu swali langu, ni nyingi au ni kidogo?

Fundi Grisi:
Na wewe hujajibu langu. Umeshang'oa nini?

Dada wa Makorora:
Na mimi nina langu. Umeandika "nina basi", halafu "babu alilinunua". Kadi ina jina la nani?

Mwana wa Ngamiani:
Kadi ina jina la babu. Ni marehemu. Hayo ya familia naomba tuyaache, mimi nimeuliza vifaa.

Dada wa Makorora:
Hayaachiki. Mirathi ilifunguliwa?

Mwana wa Ngamiani:
Sawa. Haikufunguliwa. Yupo baba mdogo Korogwe na mashangazi wawili, mmoja yuko Pangani. Lakini elewa: mlinzi wa shamba namlipa mimi, paa la banda nimeezeka mimi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizia lile basi. Nembo na saa ya spidi nimeshatoa, viko chini ya kitanda. Na nimepokea laki moja na nusu, kishika uchumba tu. Nilikuwa na ada ya mtoto. Mngekuwa nafasi yangu mngefanya hivyohivyo.

Ustadh Chumbageni:
Hapo ndipo penye kazi ndugu yangu. Mali ya marehemu kwanza inalipa madeni yake, kisha wasia kama upo, kinachobaki ni haki ya warithi wote. Kumlipa mlinzi hakukufanyi kuwa mmiliki. Kunakupa haki ya kudai ulichotumia. Unazungumzia nembo, mimi naona unauza fungu la shangazi yako bila yeye kujua.

Mpakani Horohoro:
Jamani mnakunywa chai bila kuipuliza. Kasema basi la Albion, jipya, mwaka 1976. Albion ni kampuni ya Glasgow, ilianza 1899, Leyland wakainunua 1951, na ilipofika 1972 jina la Albion likaondolewa kwenye magari. Yaliyofuata yalitoka na jina la Leyland. Hilo basi jipya la 1976 lenye jua mbele alilipata wapi babu? Huyu katunga hadithi, au yeye ndiye mnunuzi anapima bei kupitia migongo yenu.

Chumvi ya Sahare:
Chai ya tangawizi hiyo. Na kuku nao tuanze kuwatilia shaka.

Mwana wa Ngamiani:
Siwezi kutunga kitu kama hiki. Kadi ninayo mkononi, imeandikwa 1976.

Mpakani Horohoro:
Kadi inaweza kuwa inasema mwaka alioandikishwa babu yako. Chuma hakidanganyi. Tafuta kifaa chochote cha Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari ya Mwingereza: mota ya waipa, taa, swichi. Vingi viligongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kimoja hakitoshi maana huenda kilibadilishwa, soma viwili vitatu. Halafu tafuta namba ya chesisi kwenye chuma cha fremu ya gari. Usipige grainda wala msasa. Toa grisi kwa mafuta ya taa na brashi laini, pitisha chaki juu, tarakimu zitajitokeza. Usiibandike hapa yote.

Mwana wa Ngamiani:
Nimetoka Muheza sasa hivi. Mota ya waipa imegongwa 4 66. Taa ya nyuma kushoto 2 66. Taa ya kulia ni ya plastiki, haina kitu. Chini ya nembo nimekuta kijani kimekolea, wakati basi lote ni bluu iliyopauka. Namba ya chesisi imeonekana kwa chaki kama ulivyosema.

Imebidi nimpigie shangazi wa Pangani kuuliza. Anasema babu hakulinunua jipya. Lilikuwa la kubeba wafanyakazi wa shamba la mkonge, la kijani, babu ndiye aliyelipaka bluu. Kisha akaniuliza kwa nini nauliza.

Mpakani Horohoro:
Kwa hilo nimekusadiki. Chesisi itakuwa ya 1966 au hapo karibu, na hadithi yake ni nzuri kuliko uliyotuletea. Kumbukumbu za kiwanda cha Albion zimehifadhiwa Biggar, Uskochi. Waandikie na namba ya chesisi, waulize lilitoka lini na lilisafirishwa kwenda wapi.

Fundi Grisi:
Sasa nakujibu la bei. Nembo ikiwa peke yake ni pambo la ukutani. Nembo, shoo yake, saa ya spidi, kadi, namba ya chesisi inayolingana, na picha za kila kifaa kikiwa mahali pake kabla ya kung'olewa, hapo mwenye basi kama hilo anayelifufua atalipa vizuri, kwa sababu anajua anachonunua. Usitazame bei wanazoomba watu mtandaoni, kuomba hakuna gharama. eBay ina sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, tazama hiyo. Kumbuka usafiri: nembo na saa vinaingia kwenye bahasha nene, rejeta itakula faida yote njiani. Na usisugue kwa Brasso. Pleti ya chesisi usiitoe kabisa, ikitoka hapo basi limepoteza jina, na wezi ndivyo wanavyozipenda.

Ustadh Chumbageni:
Shangazi ulimjibu nini?

Mwana wa Ngamiani:
Nilimwambia yote. Amesema kitu kisitoke mpaka afike, na anakuja Jumamosi na baba mdogo. Yaani siku ileile ya mnunuzi. Bado nasema mimi ndiye niliyelitunza hilo basi, wao wangelikuta limeshakatwa vipande. Laki moja na nusu imeshakwenda shule.

Dada wa Makorora:
Mpigie mnunuzi leo, usingoje wakutane getini. Mwambie fedha yake utairudisha kwa awamu, mwandikishiane mbele ya mtu mzima. Kama kweli ni wa makumbusho, atakubali kusubiri warithi. Akikasirikia rejeta, Fundi alishakwambia.

Mzee wa Kisosora:
Muulize shangazi yako kama dereva wa basi hilo alikuwa mrefu, ana kofia nyeupe. Kama ndiye, namfahamu.

Mwana wa Ngamiani:
Nimempigia mnunuzi. Amesema rejeta ndiyo aliyoitaka hasa, hivyo vingine nibaki navyo. Mzee, nitamuuliza shangazi.

Kijana wa Pongwe:
Samahani kwa kuingilia uzi. Nyumbani kuna taa mbili za Bedford zimegongwa 9 61. Nizipige picha kabla ya kuzifuta vumbi au baada?

Fundi Grisi:
Kabla.