Mawakili, mteja wa Atticus Finch alikufa! Mbona hilo hamlisemi?

Wakuu, leo naandika kwa hasira na sitalainisha maneno. Nimechoshwa na mawakili wanaojitambulisha kwa Atticus Finch, yule wakili wa kubuni kwenye riwaya ya Kimarekani. Soma mahojiano ya wakili wa Marekani, sikiliza hotuba za wahitimu wa sheria, muulize yeyote kwa nini aliingia kwenye fani hii, jibu ni lilelile: nilisoma To Kill a Mockingbird nikiwa mdogo.

Sawa, riwaya ni kubwa. Harper Lee aliitoa mwaka 1960, mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya Pulitzer, kisha filamu ya 1962 ikampa Gregory Peck, aliyemwigiza Atticus, tuzo ya Oscar. Mwaka 2003 Taasisi ya Filamu ya Marekani ikamtangaza Atticus kuwa shujaa namba moja wa sinema za nchi hiyo. Tatizo ni kwamba wengi wenu mnakumbuka suti na miwani ya Peck kuliko jalada la kesi.

Basi tulifungue. Tom Robinson, mtu mweusi wa Alabama miaka ya 1930, anashtakiwa kumbaka Mayella Ewell, msichana mzungu. Majeraha ya Mayella yako upande wa kulia wa uso, dalili ya kupigwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom uliharibiwa na mashine ya kuchambulia pamba tangu akiwa mtoto, haufanyi kazi. Atticus, anayemtetea Tom, anamwambia Bob Ewell, baba wa msichana, aandike jina lake, naye anashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Kwa kuhoji mashahidi jamaa ni fundi, hapo namvulia kofia. Lakini juri, yaani raia wanaoamua kesi, ya wanaume wazungu watupu inamtia Tom hatiani vilevile. Watu weusi walioketi roshani wanasimama kwa heshima wakili anapotoka, na hapo ndipo kila mwanasheria hutoa leso. Mnamlilia wakili! Tom anarudishwa gerezani, na rufaa haijasikilizwa anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka. Sijawahi kusikia hotuba ya wahitimu ikitaja hizo risasi.

Na msiniambie kwamba zama zile hapakuwa na la kufanya. Mwaka 1931, Alabama hiyohiyo, vijana tisa weusi walishtakiwa Scottsboro kwa madai ya kubaka wasichana wawili wazungu ndani ya treni ya mizigo. Wanane wakahukumiwa kifo. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua hukumu kwa kuwa hawakupewa wakili wa maana. Kesi ziliporudi, wakili Samuel Leibowitz kutoka New York hakuishia kutoa hotuba tamu. Aliishambulia orodha ya juri yenyewe, akaonyesha kuwa watu weusi walikuwa hawaitwi kabisa, na kwamba majina machache yaliyokuwemo yalichomekwa baadaye ili kuficha aibu. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ikakubaliana naye. Atticus je? Katika riwaya yote hatumsikii akiweka pingamizi lolote juu ya juri ile. Na tukumbuke ni mjumbe wa bunge la jimbo! Mwanawe Jem akilalamika kuhusu sheria, anaambiwa utashangaa jinsi ilivyo vigumu kuibadilisha.

Profesa wa sheria Monroe Freedman aliyasema mengi ya haya mwaka 1992: kwamba Atticus alipewa kesi na jaji, hakuiomba, na kwamba aliishi kwa amani na ubaguzi uliomzunguka. Mawakili wakamjia juu kana kwamba kawatukania mzazi. Mhusika wa kubuni ana watetezi wengi kuliko mahabusu wa kweli.

Tukija kwa mahabusu wa kweli ndipo damu inanichemka. Harper Lee alizaliwa Monroeville, Alabama. Mwaka 1987, kaunti hiyohiyo, alikamatwa Walter McMillian, mtu mweusi, kwa mauaji ya msichana mzungu. Kundi la watu lilikuwa naye nyumbani kwake saa ya tukio. Hawakusikilizwa. Alipelekwa kwenye gereza la waliohukumiwa kifo kabla hajahukumiwa lolote! Kesi yake mwaka 1988 ilichukua siku moja na nusu. Juri ikapendekeza kifungo cha maisha. Jaji akalipuuza pendekezo hilo, akaamuru auawe.

Sasa rudini kwenye riwaya. Jem anapotaka juri zifutwe, baba yake anamjibu kuwa labda dawa ni kubadili sheria, ili katika kesi za kifo majaji peke yao ndio wapange adhabu. Haya, huyo hapo jaji wenu. Alabama haikuwaondolea majaji uwezo huo wa kuipiku juri mpaka mwaka 2017.

McMillian alitoka mwaka 1993, baada ya miaka sita, kwa kazi ya wakili Bryan Stevenson na wenzake waliochimba mpaka ikajulikana kuwa shahidi mkuu alidanganya na upande wa mashtaka ulificha kanda iliyomuumbua. Hakuna aliyesimama roshani. Miaka minne baadaye, 1997, chama cha mawakili cha Alabama kikajenga mnara wa kumbukumbu Monroeville. Wa nani? Wa Atticus Finch! Mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Nikizungumza hivi huwa naambiwa naichukia riwaya. Siichukii hata kidogo. Lee ni mjanja kuliko mashabiki wake, kaacha dalili kila mahali. Walter Cunningham, aliyekuja jela usiku na wenzake kumtoa Tom wamuue, Atticus anamweleza mwanawe kuwa kimsingi ni mtu mwema. Ndiyo maana mwaka 2015, Go Set a Watchman, kitabu kingine cha Lee, ilipomwonyesha Atticus kwenye mkutano wa wazungu wanaopinga usawa, mimi sikushtuka.

Na ule mwisho! Bob Ewell anauawa usiku akiwashambulia watoto wa Atticus, sherifu anajua aliyemuua ni Boo Radley, jirani mzungu aliyewaokoa. Anaamua pale pale barazani: Ewell kaangukia kisu chake, basi. Atticus, mtu wa sheria bila kupinda, anasita kidogo, kisha anakubali na kumshukuru Boo. Pengine ni uamuzi wa huruma, mimi mwenyewe nisingetaka Boo aburutwe mahakamani. Ila Tom alipohitaji huruma hiyo aliambiwa asubiri rufaa. Kwenye semina za maadili ya uwakili sehemu hii inarukwa, wanakimbilia yale majumuisho ya mahakamani.

Najua mtakuja kunishambulia, karibuni sana. Ila anayetaka kuniambia kwamba kitabu hiki ndicho kilimfanya awe wakili, aanze kwa kutaja jina la mke wa Tom Robinson bila kukifungua.