Watoto wa Bi Mwanaidi

JUMANNE

Rehema, 19:02: Hamjambo jamani. Hamisi kaniambia mwenyewe jana kwamba pombe imemchosha na hajui aanzie wapi. Mimi nimeshapata pa kuanzia. Kuna kundi la AA, watu wanaosaidiana kuacha pombe, linakutana Alhamisi saa 12 jioni, ukumbi wa nyuma ya kanisa. Nataka wa kumpeleka. Juma una gari.

Rehema, 19:24: Naona mmesoma. Juma?

Shangazi Tatu, 19:41: [picha ya maua: Jioni njema yenye baraka]

Musa, 19:43: Kanisani? Mama anajua?

Rehema: Wamekodi ukumbi tu. AA haina dini wala chama. Mungu wanamtaja, ila kila mtu kwa jinsi anavyomfahamu yeye. Hakuna ada. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Walioanzisha ni walevi wawili, Marekani, 1935, mmoja wao daktari wa upasuaji, na mpaka leo wanaoendesha ni wenyewe.

Musa: Sasa mlevi atamsaidiaje mlevi

Rehema: Ndiye hasa. Wewe umemhubiria miaka yote, umemsaidia nini? Pale atapata namba ya mtu aliyekwishaacha. Kiu ikimbana usiku wa manane anampigia yule, hapigi kwetu tukaanza kumfokea.

Musa: Mimi nasema tumfungie chumbani kuanzia leo, funguo nakaa nazo. Alhamisi anafika mkavu.

Asha: Anko Musa usithubutu! Nawaambia kama nesi. Mtu wa kunywa kila siku akikatiwa ghafla anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa, siku ya kwanza au ya pili. Ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo. Watu wanakufa hivyo. Aonwe na daktari kwanza, dawa za kumvusha siku hizo zipo, na vitamini B1

Jamali: Anko Musa na funguo tena 😂 si yeye aliyetufungia nje siku ya harusi

Zuhura: 😂😂😂 tukaruka ukuta na magauni

Shangazi Tatu: Goti langu mpaka leo

Rehema: Jamani! Mtoto kasema jambo la kufa na kupona, nyinyi mnacheka goti. Asha, endelea.

Asha: Mama Salma, asubuhi kabla hajanywa mikono inatetemeka?

Mama Salma, 20:33: Inatetemeka. Kikombe anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagikia.

Asha: Basi asijaribu kuacha peke yake nyumbani. Kesho asubuhi hospitali. Akianguka au akiweweseka usiku huu, msingoje kuche.

Rehema: Kesho hospitali, nani? Alhamisi nani? JUMA.

Musa: Kwanza useme nani alikwenda kumtazama kule soba, nyumba ya kuachia ulevi. Mimi. Wewe ulikuwa na safari.

Rehema: Musa usianze.

Musa: Umeanza wewe na "umemsaidia nini". Hata pikipiki sikumdai.

Musa: Ujumbe huu umefutwa

Mjomba Kombo, 21:05: Mimi wasiwasi wangu ni majirani. Ukumbi ule uko barabarani, watamwona akiingia. Tulinde jina la marehemu baba yenu.

Zuhura, 21:18: Bibi yupo hapa, nimemsomea yote. Kasema niandike kama alivyotamka: "Kombo, baba yao hakufa kwa presha. Unajua na mimi najua. Tulificha kwa ajili ya majirani hao hao. Huyu sitamficha. Mpelekeni."

Mjomba Kombo, 21:49: Sawa dada.

Shangazi Tatu: Tumekusikia wifi.

Hamisi, 22:37: Nimesoma yote. Rehema, nilikuambia wewe. Sikuliambia kundi.

Rehema: Najua. Peke yangu nisingekuweza mdogo wangu, na nakutaka mzima.

Hamisi: Huko yanayosemwa ndani hayatoki?

Rehema: Ndiyo ahadi wanayopeana. Mnaitana jina la kwanza tu. Na kama hutaki kusema, unakaa unasikiliza.

Hamisi: Hospitali nitakwenda na Asha. Alhamisi sijui. Nikienda, Musa asije.

Musa: Hata nikikaa nje kwenye gari?

Rehema: Mikutano mingine iko wazi, ndugu wanaingia. Mingine ni ya wenyewe tu. Kesho napiga simu niulize huu ni upi. Mama Salma na wewe usiachwe, kuna Al-Anon, ya jamaa wa mnywaji, ipo tangu 1951. Wengine wanakutana kwa intaneti.

Mama Salma: Nitafutie hiyo ya intaneti dada. Ya kukaa na watu uso kwa uso bado siwezi.

Asha: Anko Hamisi nakupitia saa 1 asubuhi. Usiendeshe, na usijikatie mwenyewe usiku huu tafadhali. Daktari umwambie kiasi cha kweli unachokunywa, usipunguze.

Hamisi: Sawa mwanangu.

Juma, 23:52: Ndo natoka kazini. Gari liko gereji. Alhamisi ipi?

Rehema: Hii ya keshokutwa Juma! Soma kuanzia juu. Gari linatoka lini?