Taa ya nyuma ya TV: inasaidia macho kweli ama ni urembo tu?

mamaTumaini_Nakuru

Habari zenu wadau. Naomba ushauri juu mimi si mtu wa mambo ya stima. Tunakaa Section 58 hapa Nakuru, tuko na TV ya inchi 43, LED ya kawaida tu, iko juu ya stendi na ukuta uko nyuma yake kama upana wa kiganja hivi. Sasa mimi na mzee tuko na kawaida yetu, Ijumaa na Jumamosi watoto wakishalala tunazima taa zote tunaangalia muvi, chai ya tangawizi iko hapo kando, na ndio saa pekee tunapata pamoja wiki nzima kwa hivyo sitaki kuiacha. Shida ni ikifika katikati ya muvi macho yananichoma, yanatoa machozi, saa zingine naenda kulala kichwa kinaniuma hapa mbele juu ya nyusi. Mbaya zaidi ni zile muvi za usiku usiku, kila kitu kiko giza halafu mtu anafungua mlango ghafla na ule mwanga unakupiga uso mzima. Nikiwasha taa ya dari ile balbu inajionyesha katikati ya skrini na mzee anasema sasa hiyo si muvi tena, na hapo siwezi mkatalia.

Wiki iliyopita akaja na stripu ya taa za rangi, ile ya rimoti ndogo, akaibandika nyuma ya TV. Watoto waliifurahia sana. Lakini macho yangu yaliuma vilevile, na tukiweka ya bluu watu kwa TV wanaonekana wamepauka, ngozi imegeuka machungwa. Mwenzangu kazini ananiambia taa si mbaya, mbaya ni rangi. Ni kweli? Na kama ni kweli ninunue gani?

babaWawili_Migosi

Ni kweli kabisa mama Tumaini. Mi niliweka nyeupe tupu huku Kisumu karibu miaka miwili sasa na siwezi rudi kuangalia TV gizani. Kuna faida ingine sikuitarajia: huku kwetu joto haliruhusu ufunge madirisha, na ukiwasha taa ya dari usiku wale wadudu wa ziwa wanajaa kwa balbu mpaka chini kunakuwa kweusi. Hii ndogo ya nyuma ya TV wanakuja wachache sana. Ngoja mafundi waje wakupe mambo ya namba.

fundiWaya_Kondele

Habari yako mama. Wacha nieleze vile inafanya kazi ndio usinunue tena kitu cha kurudisha dukani. Ukiwa gizani mboni ya jicho inafunguka sana iokote mwanga kidogo ulioko, sasa kama TV ndio kitu pekee kinawaka ndani ya nyumba, muvi ikiruka kutoka usiku kwenda mchana hiyo mboni lazima ijifunge haraka, baada ya dakika ifunguke tena, ijifunge tena, na hiyo ni masaa mawili mfululizo. Inasemekana sehemu ya uchovu inatoka hapo. Ukimulika ukuta ulio nyuma ya TV kidogo tu, jicho linapata mwanga wa kushikilia na mboni haihangaiki sana. Na juu taa yenyewe imejificha hutaiona, unaona ukuta pekee, hakuna kitu cha kujirudisha kwa kioo kama hiyo balbu ya dari.

Sasa rangi. Ile nyeupe ya picha ya TV, hasa ukiwa kwa mode ya muvi, imelengwa nyuzi 6500 za Kelvini (K, kipimo cha rangi ya mwanga), yaani kama mwanga wa mchana. Hata studio wanaporekebisha rangi za muvi ukuta wa nyuma ya skrini wanaumulika na taa ya 6500K. Kwa hivyo kwa pakiti tafuta imeandikwa 6500K, usichukue iliyoandikwa warm white, hiyo huwa 3000 hivi na ni manjano. Pia angalia kama wameandika CRI, yaani kipimo cha vile taa inaonyesha rangi za vitu kama zilivyo, ikiwa 90 kwenda juu ni nzuri. Hiyo stripu mzee alinunua, hata ukiiweka kwa kitufe cha nyeupe, inachanganya tu nyekundu, kijani na bluu, na jicho linauona huo weupe umeegemea upande. Ikiwa ndefu utaona hata mwisho wa stripu weupe umeegemea nyekundu, juu stima inapungua ikisafiri, na bluu na kijani ndizo zinafifia mapema kuliko nyekundu.

Ukali wake sasa. Watu wengi wanakosea hapa, wanaweka taa inawaka kama ya kinyozi. Kipimo cha wataalamu ni mwanga wa ukutani ukuwe kama asilimia 10 ya ule mweupe mkali kabisa wa skrini. Huna mashine ya kupima, sawa, weka picha nyeupe kwa TV, angalia ukuta, ukuta lazima uonekane umefifia kabisa kando ya hiyo picha. Kama dakika tano ndani ya muvi bado unaiona taa, punguza. Kwa hivyo nunua iliyo na kidude cha kupunguza mwanga, usinunue ya kuwaka na kuzima tu.

Inchi 43 upana wake ni kama sentimita 95 na kimo 53 hivi. Ukiingia ndani kidogo kutoka ukingoni, mita mbili zinatosha pande tatu, kushoto juu na kulia. Chini wacha, hapo kuna stendi na dekoda na waya, mwanga utagonga hivyo vitu vyote ulete uchafu tu.

Kanduyi_254

Mbona mjisumbue na stripu, chukua taa ya mezani weka nyuma ya TV kwa sakafu imeisha. Mi ndio natumia, balbu ya kawaida ya manjano.

fundiWaya_Kondele

@Kanduyi_254 kwa macho itakusaidia ndugu yangu, sikatai, ni bora kuliko giza. Lakini jicho huzoea ile rangi imelizunguka. Likishazoea manjano, nyeupe ya TV inaanza kuonekana bluu bluu na nyuso zinakuwa baridi, na wewe utalaumu TV. Badilisha hiyo balbu tu uweke ya 6500K ya wati ndogo, igeuze iangalie ukuta, na hautahitaji stripu.

mwalimuSanaa_Lurambi

Mulembe nyote. Naona fundi amemaliza mambo ya macho, mimi nina neno kuhusu weusi, juu hapa ndipo taa hii inanifurahisha zaidi.

TV nyingi tulizo nazo, hata zile zinaitwa LED, ni za LCD zenye taa ndani, na ile taa haizibiki yote. Kwa chumba cha giza ukiangalia ile mikanda miwili ya juu na chini ya muvi, si nyeusi, ni kijivu. Sasa ukuta ukiwa na mwanga kidogo, hiyo mikanda inakuwa nyeusi tii, na TV haijabadilika hata chembe. Jaribu hivi na watoto wako: kata vipande viwili vya kadi ya kijivu kutoka kwa karatasi moja, kimoja weka juu ya manila nyeupe, kingine juu ya kitambaa cheusi. Kile cha kwa manila kitaonekana cheusi zaidi. Huwa nafanya hilo jaribio na kidato cha kwanza na kila mwaka kuna mtoto anageuza vile vipande akitafuta wapi nimemdanganya.

Mfaransa mmoja mkemia, Michel Eugène Chevreul, alikutana na jambo hili kiwandani. Alikuwa msimamizi wa kutia nyuzi rangi kwa kiwanda cha Gobelins kule Paris, wanapofuma mapazia ya picha ya kuning'iniza ukutani, na malalamiko yalikuwa kwamba nyuzi nyeusi si nyeusi vya kutosha. Alipochunguza akakuta rangi haina kasoro, ila nyuzi za rangi zingine zilizofumwa kando ya zile nyeusi ndizo zilizokuwa zinazibadilisha machoni. Alichapisha kazi yake mwaka wa 1839, kabla ya hata balbu ya stima, na ndicho kitu hichohicho kinatendeka nyuma ya TV ya mama Tumaini.

Ndio maana nakuuliza dada, huo ukuta wako ni rangi gani? Taa inaweza kuwa 6500K kamili lakini ikigonga ukuta wa waridi au wa kijani inarudi imebeba hiyo rangi. Ukuta mzuri ni mweupe au kijivu. Na usiwe wa rangi ya mafuta, hiyo inang'aa na utaona doa la kila balbu kama shanga. Rangi ya maji ndio nzuri.

mamaTumaini_Nakuru

Asanteni sana, mwalimu hapo kwa ukuta umenishika. Ni ile chungwa iliyofifia, landilodi alipaka nyumba zote za ploti hivyo. Sikuwahi fikiria ukuta ni sehemu ya TV.

bedsita_Nyalenda

Swali pia kwangu tafadhali, TV yangu imefungwa ukutani kabisa, hakuna nafasi, sentimita mbili tatu hivi. Itashika?

fundiWaya_Kondele

@bedsita_Nyalenda itashika lakini mwanga hautakuwa na nafasi ya kusambaa, utapata mstari mkali ukingoni na vidoti. Kama hiyo braketi inavutika mbele ivute sentimita kumi. Kama haivutiki ingiza stripu ndani zaidi, mbali na ukingo, na upunguze mwanga sana.

Na wote mnisikie kuhusu kuchomeka kwa USB ya TV. Bandari ya USB 2.0 kawaida yake ni nusu ampia, kwa volti 5 hiyo ni wati 2.5. Stripu fupi sawa, lakini soma pakiti. Mi mwenyewe nilichomeka ya mita tano kwa TV yangu, ikawaka vizuri, siku ya pili TV ikaanza kujizima na kujiwasha katikati ya mechi, nilipogusa ile plagi ya USB ilikuwa moto wa kushtua. Nikahamisha kwa adapta ya simu ya ampia 2, shida ikaisha. Kukata stripu ni pale tu kuna alama ya mkasi katikati ya vile vidoti vya shaba, ukikata nje ya hapo kipande kizima kinakufa. Na pangusa mgongo wa TV na spiriti kabla ya kubandika, vumbi ndio huwa inaangusha hizi taa, watu wanalaumu gundi bure.

nyarAsembo

Naongeza kidogo kwa mama Tumaini. Kama kichwa kitaendelea kuuma hata baada ya taa, nenda upimwe macho. Mimi nilihangaika na TV na simu karibu mwaka mzima, kumbe nilihitaji miwani. Nilipimiwa hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga na ilichukua asubuhi moja tu.

mamaTumaini_Nakuru

Wadau nimerudi, ni wiki mbili sasa. Nilinunua ya 6500K ya USB mita mbili, iko na kidude cha kupunguza kwa waya, mia saba na hamsini. Mzee ndiye aliibandika, alipangusa na spiriti kama fundi alivyosema, kwa kona hakukata, aliikunja pole pole ikazunguka. Usiku wa kwanza kwa ule ukuta wa chungwa macho yalipoa lakini picha ilikuwa kama imewekwa kwa fremu ya karoti, na nyuso kwa TV zikawa baridi. Kesho yake nikanunua manila sita nyeupe tukazibandika na seloteipu, zikatokeza nje ya TV pande zote. Tuliangalia tukanyamaza wote wawili. Mwalimu, ile mikanda ya juu na chini ilikuwa inaisha gizani, sijui hata niseme vipi, kama TV imekatwa na wembe.

Nikampigia landilodi nikaomba kupaka ukuta mmoja tu, akakubali mradi nikihama nirudishe. Mzee alipaka Jumamosi asubuhi rangi ya maji nyeupe, koti mbili. Mwanga tumeupunguza mpaka karibu na mwisho kabisa. Pia tulitoa TV kwa ile mode ya vivid tukaweka ya muvi, mwanzoni niliona kama imefifia, siku ya tatu nikazoea, saa hii nikienda kwa jirani TV yake naiona inanipigia kelele machoni. Muvi mbili Ijumaa iliyopita, masaa manne na kitu, na sikupangusa chozi hata moja. Kichwa nacho hakijauma, lakini macho nitaenda kupimwa tu, asante @nyarAsembo.

Limebaki moja. Tukizima TV na rimoti taa inabaki inawaka nyuma usiku kucha. Hiyo ni TV ama ni stripu?

fundiWaya_Kondele

Ni TV, nyingine haikati stima ya USB ikiwa standbai. Zima kwa soketi ukienda kulala, ama weka adapta na TV kwa ekstensheni moja yenye swichi, unabonyeza mara moja vyote vinalala. Na kesho asubuhi mkiwa na nafasi vuta ile plagi uiguse, kama ni vuguvugu tu hakuna neno, kama ni moto hamia kwa adapta siku hiyohiyo.

mamaTumaini_Nakuru

Nimeigusa sasa hivi, ni vuguvugu. Ekstensheni tuko nayo, mzee anaitoa kwa pasi.