Tupeane uzoefu: mchambuzi kaliponda igizo, ukumbi mzima tumecheka mpaka machozi

Mleta mada (Mtwara mjini)
Wakuu kwema? Jumamosi iliyopita hapa mjini kuna kikundi kilileta igizo lao jipya la kuchekesha, nyimbo mwanzo mwisho, kiingilio buku tatu, nikaenda na mama watoto maana hela ya korosho ilishaingia na nilikua sina kisingizio. Kisa chenyewe, mzee kalipwa mnada wa kwanza anataka kuongeza mke wa tatu, wake zake wawili waliokua hawasalimiani miaka yote wanapatana ghafla ili wamtie adabu, na kila wakipanga njama wanaimba. Nimecheka jamani. Mbele yetu kuna mama alikua na bakuli la ming'oko (vile viazi pori vyetu), ilipofika pale mzee anahesabu noti kwa kuimba na kila akifika laki anasahau anaanza upya, lile bakuli lilimponyoka na hata hakuokota.

Jumatatu nasikia redioni mchambuzi anasema igizo halina msuko, utani wa kijiweni, nyimbo zote zinafanana. Nikajiona mshamba, yani kwamba nilichekea nini? Ishawahi kukutokea? Umependa kitu wajuzi wakakiponda, au umelala usingizi kwenye kitu walichokisifia? Leteni.

Wa Ligula
Nilikuwepo, viti vya nyuma. Huyo simwamini toka mwaka jana. Kuna onyesho umeme ulikatika katikati, vijana wakaendelea kuimba humohumo gizani, sisi tukawasha tochi za simu kuwamulikia, kesho yake naskia anasifia eti matumizi ya mwanga yanayomshirikisha mtazamaji. Mwanga gani mzee, umeme ulikatika! (Ila niwe mkweli ile sehemu ndo ilikua tamu kuliko zote, kwa hiyo hapo sijui nimbishie nini.)

Dada wa Lindi
Mi naongea kutokea jukwaani maana nimeigiza miaka minne. Tulikua na kichekesho cha nyimbo, ila katikati kuna wimbo mmoja wa msiba, mama kafiwa na mtoto, naimba mimi peke yangu. Mazoezi miezi miwili, nyumbani nilikua naimba nikiosha vyombo mpaka majirani wakauliza nani kafa. Siku ya siku napiga magoti naanza, watu wakaangua kicheko. Nikajua ni khanga imekaa vibaya, nikaishika huku naimba, wakazidi. Kumbe sehemu ya kwanza nilitoka kama mama mlevi, wakanipenda sana, sasa kila nikifungua mdomo kwao ni yule mlevi tu. Nilimaliza wimbo wangu wote wa msiba watu wanapiga makofi na kushikana mbavu. Nyuma ya pazia wenzangu wananipongeza eti umeua, mi nalia kweli.

Wiki iliyofuata mtu akaandika kwenye gazeti, igizo lote kalichanachana, refu, waimbaji wanapishana na kinanda, kila kitu. Ila mwishoni akaweka sentensi moja kwamba wimbo wa msiba uliimbwa vizuri na ukumbi haukuusikia. Hako kakipande nimekakata, kako kwenye pochi mpaka leo. Kwa hiyo mkiwatukana wachambuzi mi siwezi kuitikia sana.

Mstaafu wa Bagamoyo
Nimepita TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, naomba niwatetee kidogo. Igizo letu moja hapa Mtwara lilikua moto, kila mstari kicheko. Tukalipeleka Lindi, maneno yaleyale, nyimbo zilezile, ukumbi kimya mpaka nasikia feni inavyolia. Baadae ndo nikaelewa, hapa anayecheza mlevi alikua mwalimu wa watoto wao, walikua wanamcheka mwalimu, hawalicheki igizo. Mchambuzi hamjui mwalimu. Yeye anaona kile watu wa Lindi walichokiona.

Ila nao wana ugonjwa wao, wanapima kila kitu kwa kipimo cha darasani. Miaka ya 90 vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT walikua wanakupa ngoma, sarakasi, kichekesho na taarab ndani ya onyesho moja, watu baa wamejaa, na hakuna aliyeuliza msuko uko wapi.

Wa Newala
Kwetu mhakiki hana kalamu. Vijana wakitoka jando midimu, yani wachezaji wa barakoa, inacheza, na ukicheza ovyo hakuna anayekuzomea, wapiga ngoma wanalegeza mkono tu na vigelegele vinakata, unabaki na barakoa yako unazunguka kama kuku. Babu yangu alikua anakaa pembeni, hacheki, haongei, anaangalia miguu tu. Watoto tunaruka tunashangilia, yeye akisema huyu bado, basi huyo bado.

Shangani
Hata Ulaya ni hivyohivyo. London mwaka 2002 walifungua We Will Rock You, lile igizo la nyimbo za bendi ya Queen, magazeti yakaliponda vibaya mno, watu wakaendelea kukata tiketi mpaka 2014. Miaka 12!

Mstaafu wa Bagamoyo
Nakubali. Ila Merrily We Roll Along, New York 1981, wachambuzi walilikataa na watazamaji nao walikua wanatoka katikati, likafungwa baada ya maonyesho 16. Mwaka 2024 likabeba tuzo ya Tony ya igizo la muziki lililofufuliwa. Hapo wote wawili walichemka, utamlaumu nani?

Wa Ligula
Umeme.

Mleta mada
😂😂 Nimemsomea mama watoto yote haya. Ile ya dada wa Lindi kaniambia nirudie mara mbili, af akakaa kimya, baadae ananiuliza hivi yule mke mdogo alivyoimba karibu na mwisho alikua anachekesha au alikua analia? Sikumbuki wakuu, nilikua nacheka.

Jumamosi wanarudia, kiingilio kilekile. Mi nitakaa pembeni niangalie miguu kama babu wa Newala. Mama watoto kasema anakaa mbele na ming'oko anabeba.