Bima ya safari: ulilipwa au ulizungushwa? Tupeane uzoefu

Binti Tabata
Wakuu, salaam. Mwaka jana nilikwenda Ujerumani kumwona dada yangu. Viza ya Schengen inataka bima isiyopungua yuro 30,000, basi nikaingia ofisi moja pale Posta mbiombio, miadi ya ubalozini ni kesho yake. Wakala aliniuliza mawili tu: unaondoka lini, unarudi lini. Fomu akajaza mwenyewe. Penye "una maradhi yoyote?" akatiki "hapana" huku anaongea na simu, mimi nikasaini. Presha ninayo mwaka wa sita huu, na vidonge vilikuwa kwenye mkoba niliopakata.

Siku ya nane ikapanda, nikalazwa usiku mmoja. Kampuni ikaomba historia yangu ya matibabu ya Dar, wakaiona, wakakataa kulipa. Bili alilipa shemeji, namrejeshea kidogokidogo mpaka leo. Wakala simlaumu sana, saini ni yangu. Yaliyowakuta semeni, hasa mliolipwa.

Mzee wa Kontena
Pole dada. Mimi wa Kariakoo, Guangzhou naenda kama naenda Kibaha. Safari moja begi halikutokea. Kwa uchovu nikachukua teksi, nikasema nitadai nikirudi. Kufika Dar naambiwa lete karatasi ya upotevu kutoka kaunta ya mizigo ya uwanja ule, iliyoandikwa kabla hujatoka nje. Sina. Safari nyingine begi likachelewa siku tatu (mwenzenu nina nuksi), hapo nikaganda kaunta saa nzima mpaka karatasi ikatoka, na risiti za nguo nilizonunua nikatunza. Nikalipwa nguo na mswaki. Sampuli za viatu hawakugusa, wanasema hiyo biashara, ina bima yake.

Nesi wa Zamu
Wenye wazee sikieni: bima ya safari ni ya dharura. Baba tulimpeleka India kwa upasuaji uliopangwa, kaka akamkatia bima akidhani itapunguza makali. Haikutoa hata senti. Matibabu uliyoyafuata huko hayamo.

Mpemba wa Buguruni
Na ile ya Zanzibar ya dola 44? Mie kwetu Wete, n'tatozwa?

Nesi wa Zamu
Hapana kaka, ile iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wanaotoka nje ya nchi. Wewe panda boti yako.

Kapteni Sinza
Tuliolipwa tupo. Dubai, kidole tumbo, saa nane usiku. Mke wangu kabla ya kutafuta teksi akapiga ile namba ya saa 24 iliyoandikwa kwenye hati. Wakamwuliza namba ya bima na mtaa tuliopo, wakamtajia hospitali ya kwenda, na tulipofika pale barua ya dhamana ilikuwa imeshatumwa. Nilitoa dola 100 tu, ndiyo eksesi, yaani sehemu ya kwanza unayoibeba mwenyewe. Jirani yangu naye aliumwa hukohuko, akakimbilia hospitali ya karibu bila kupiga simu. Alilipa kila kitu mfukoni, madai yakamchukua miezi minne.

Kwa hiyo ukiuliza bei, uliza na hili: mnalipa hospitali moja kwa moja, au natoa kwanza halafu mnanirudishia? Kwangu hili ni kubwa kuliko hata hizo yuro elfu thelathini. Hela ya kurudishiwa haimtoi mtu wodini saa nane usiku.

Dogo wa Ubungo
Mimi nilikata siku 14 kamili ili niokoe vielfu vichache. Ndege ikaahirishwa. Siku ya 15 nilishinda uwanjani naogopa hata kupanda ngazi.

Mzee wa Kontena
😂😂 Dogo, ongeza hata siku mbili basi!

Binti Tabata
Kapteni, ubarikiwe. Mnaoniuliza pembeni kuhusu kunyimwa viza: zipo kampuni zinazorudisha hela ya bima ukipeleka barua ya kukataliwa, ila masharti yake ulizeni kabla hamjalipa.

Desemba narudi kwa dada. Jana nimekwenda ofisi nyingine, nikaanza na presha hata kabla sijakaa. Wameikubali kwa nyongeza ya malipo, ikipanda ghafla tu, na kiwango watakacholipa ni kidogo kuliko cha magonjwa mengine. Nimewaambia waniandikie hilo kwenye hati, si kwa mdomo. Fomu nimejaza kwa kalamu yangu.